Barua Hii ni ya Nani?



Tunaomba mtuvumilie tukianza na jambo linaloonekana kuwa la makarani tu. Katika ofisi nyingi za wilaya zetu za Kibiti na Rufiji, na hasa katika ofisi ndogo za makanisa, shule na zahanati, siku hizi kuna kompyuta moja mezani, na ndani yake kuna sanduku moja la barua pepe linalofunguliwa na watu watatu au wanne. Sanduku ni moja, lakini lina majina mengi. Barua iliyoandikiwa shule inaingia humo, iliyoandikiwa zahanati inaingia humo, ya mhazini humo, ya padre humo, na ya kwaya pia. Karani akitaka kujibu, juu kabisa ya ukurasa, kabla hata ya salamu, pana nafasi ndogo iliyoandikwa "Kutoka". Hapo ndipo anapochagua. Akigusa mara moja yeye ni shule. Akigusa tena yeye ni zahanati. Akigusa mara ya tatu amekuwa padre.

Asipochagua, mashine humchagulia. Huchukua jina lililowekwa la kwanza, au lile lililotumika mara ya mwisho, kwa kadiri ilivyopangwa na fundi, na barua inakwenda. Watu wengi hulihesabu jambo hili kuwa dogo, kama kuchagua kalamu ya buluu au nyeusi. Sisi twaona si dogo. Mtu anapochagua jina litakalokaa juu ya barua amekwisha kusema neno la kwanza la barua hiyo, na neno hilo laweza kuwa uongo hata kama yote yanayofuata ni kweli tupu.

Wazee wetu walilijua swali hili kwa namna nyingine. Kabla ya simu za mkononi watu wachache sana wa delta walikuwa na sanduku lao la posta. Barua ya mtu wa Salale au Mbwera ilipitia sanduku la shule, au la misheni, au la mwenye duka anayefahamika, ikakaa hapo mpaka apatikane mtu anayeshuka na mtumbwi, naye mtu huyo akangoja maji yajae. Sanduku moja lilikuwa la watu mia. Lakini sanduku lile lilipokea tu, halikusema. Ili kusema kwa jina la shule ilikupasa uwe na karatasi yenye kichwa cha shule na muhuri wa shule. Karatasi zilikuwa kabatini, muhuri ulikuwa katika droo, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Aliyetaka kuandika kwa jina la shule ilimbidi ainuke, avuke kiwanja, aombe ufunguo, na aulizwe, "Wa nini?"

Lile swali fupi, "Wa nini?", lilifanya kazi kubwa ambayo hatukuiona mpaka ilipokoma. Leo mihuri yote imo katika droo moja, na ufunguo wa droo hiyo ni neno la siri lililoandikwa katika kijikaratasi na kubandikwa ukutani kando ya kalenda. Hakuna anayeuliza wa nini.

Je, basi, ni unafiki kwa mtu mmoja kuwa na majina mengi ya kuandikia? Wako wanaosema hivyo, na wanashauri kila mtu aandike kwa jina lake alilobatizwa nalo au alilopewa na wazazi, basi. Hatukubaliani nao. Mtu mmoja hapa kwetu ni Baba Fulani kwa majirani, ni Mjomba kwa watoto wa dada yake, ni Mwalimu kwa wanafunzi, na Jumapili ni mlinzi wa kanisa. Hakuna anayemwita mwongo kwa sababu hiyo. Kila jina laonyesha uhusiano mmoja, na kila uhusiano una haki zake na mipaka yake. Sheria ya nchi yenyewe yafanya hivyo: kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 afisa mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, na mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule yake. Kiti kimoja, kofia mbili. Hata wilaya nzima yaweza kubadili jina: Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, makarani waliozoea kuandika barua zao kwa Utete iliwapasa wajifunze anwani mpya, ingawa barabara na watu walikuwa wale wale.

Kwa hiyo wingi wa majina si kosa. Shida inaanza pale jina moja linapobeba mzigo wa jina jingine.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, si kisa cha mahali fulani. Mama mmoja wa kisiwani ameandika kwa zahanati kuuliza majibu ya kipimo chake. Ameazima simu ya mpwa wake, ameandika maneno machache, ametuma. Karani wa zamu anaifungua barua ile, anauliza kwa mganga, anapewa jibu, anamwandikia mama yule kwa upole na kwa usahihi. Lakini asubuhi ile alikuwa akishughulika na safari ya kwaya, na nafasi ile ya juu ilikuwa bado yasema "Kwaya". Hakuitazama. Barua imekwenda. Nini kimetokea? Kwanza, mama yule amepokea habari za mwili wake kutoka kwa waimbaji. Pili, nakala ya barua imebaki katika jalada la barua zilizotumwa na kwaya, na jalada hilo husomwa na mwenyekiti wa kwaya, na mweka hazina wake, na kijana anayepanga sare. Tatu, mama akijibu, na bila shaka atajibu kwa kuwa ana wasiwasi, jibu lake litarudi kwa kwaya. Atafungua moyo wake mbele ya watu ambao hakuwaita.

Tazameni kwamba karani hakusema uongo hata kidogo. Majibu ya kipimo ni sahihi, na hakumtukana mtu. Wala mtu hawezi kusema ametoa siri kwa makusudi. Hata hivyo siri imetoka, na haitarudi, na katika kisiwa chenye nyumba mia mbili siri haihitaji siku tatu. Twasema haya kwa sababu tumesikia mara nyingi watu wakijitetea, "Lakini niliyoandika yalikuwa ya kweli." Mama yule alilikabidhi neno lake kwa zahanati. Jina lile ndilo lililomfanya athubutu kuuliza. Hakumkabidhi karani kama karani, ijapokuwa karani ni mtu mwema na pengine ni jirani yake. Jina la zahanati lilikuwa kama chumba chenye mlango, naye aliingia akidhani mlango umefungwa nyuma yake.

Sasa tugeukie jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi, nalo ni mkono na sauti. Kila mtu aliyepata barua ya serikali ameona pale chini, juu ya cheo cha Mkurugenzi au cha Katibu, herufi tatu: K.n.y. Kwa niaba ya. Huenda hamjazitazama sana. Herufi hizi zasema ya kwamba barua ni ya Mkurugenzi, nguvu yake ni ya Mkurugenzi, ukitaka kujibu umjibu Mkurugenzi. Lakini mkono uliotia sahihi ni wa mwingine, na jina lake ni hili hapa. Hazifanani na neno "Kaimu". Kaimu ameketi katika kiti kwa muda, k.n.y. hakuketi, ameazima kalamu tu. Zamani tena, katika barua zilizopigwa chapa, pembeni chini paliwekwa herufi za kwanza za jina la mwenye kuisema barua, mkwaju, kisha herufi ndogo za mpiga chapa. Mtu akisoma barua ile miaka ishirini baadaye masjala aliweza kujua ni vidole vya nani vilivyoipiga.

Wakristo tumezoea kuisoma barua moja ya namna hii bila kuona ajabu. Waraka wa Paulo kwa Warumi haukuandikwa na mkono wa Paulo. Katika sura ya 16 mwandishi anajitokeza ghafla, anajitaja kwa jina lake, Tertio, anawasalimu Warumi, kisha anarudi nyuma ya pazia na Paulo anaendelea. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo waraka ni wa Tertio. Na katika nyaraka nyingine, kama ule wa kwanza kwa Wakorintho na ule wa pili kwa Wathesalonike, Paulo anaeleza kwamba salamu ya mwisho ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, ili iwe alama. Wathesalonike walikuwa na haja ya alama hiyo, kwa maana katika waraka huo huo Paulo anawaonya wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kuwa imetoka kwake. Watu walikuwa wakiandika kwa majina ya mitume mapema hivyo.

Tulipouliza wenye kujua kompyuta, tulishangaa kuona kwamba mafundi wa Marekani waliotunga kanuni za barua pepe walilifikiri jambo hili tangu mwanzo. Katika kanuni za mwaka 1977, na tena katika zile za Agosti 1982, waliweka nafasi mbili mbalimbali: moja ya mwenye barua, nyingine ya mtumaji. Ikiwa mwenye barua na mtumaji si mtu mmoja, mtumaji sharti atajwe. Katika mifano yao yumo katibu anayetuma barua ya mkubwa wake, na jibu linakwenda kwa mkubwa. Iko pia nafasi ya tatu, ya kusema majibu yaelekezwe wapi. Basi K.n.y. imo ndani ya mashine; ila imefichwa na wengi hawaijui. Mifumo ya ofisi ya siku hizi huweza kumpa msaidizi ruhusa ya namna mbili. Ya kwanza ni kutuma kwa niaba: msomaji anaona majina yote mawili. Ya pili ni kutuma kama yeye: msomaji anaona jina moja tu, la mkubwa, na mkono wa msaidizi haupo kabisa. Ofisi nyingi hupenda ya pili, kwa sababu inapendeza macho.

Mtu wa haraka angesema, basi ya pili ni uongo, iachwe. Sisi hatuendi haraka hivyo, na sababu yetu iko karibu na nyumbani. Hatuwezi kusahau miaka ya 2016 na 2017, ambapo katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga viongozi wa vijiji, watendaji na askari waliuawa na watu waliojificha gizani. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa pamoja hapa Kibiti. Katika miezi ile, kuonekana kwamba wewe ni mtumishi wa ofisi fulani kulitosha kumnyima mtu usingizi na kuwahamisha watoto wake. Je, tungemwambia karani wa miaka ile kwamba ni lazima jina lake lionekane chini ya kila barua ya kukataza, ya kudai ushuru, ya kumwita mtu barazani? Jina la ofisi lilikuwa kivuli, na kukaa kivulini wakati wa jua kali si dhambi. Hata katika siku za amani, yule kijana anayetuma barua ya kukataa ombi la kibali cha kukata mikoko hakukataa yeye. Kwa nini wenye ombi wamngojee yeye njiani?

Kwa hiyo twasema hivi: si lazima mkono uonekane nje, lakini sharti ujulikane ndani. Pawe na mahali, liwe daftari au liwe kumbukumbu ya mashine, ambapo mwenye haki ya kuuliza aweza kuuliza, "Barua hii ya tarehe fulani iliandikwa na nani?" akapata jibu moja lenye jina la mtu. Lakini hapa ndipo kile kijikaratasi cha ukutani kinapotushinda. Ikiwa watu wanne wanaingia kwa neno moja la siri, mashine haiwezi kuwatofautisha. Inaandika kwamba "ofisi" imetuma. Ofisi haina mikono. Likitokea neno baya, wote wanne watakana, na wote wanne watashukiwa, na asiye na kosa hana namna ya kujitenga na mwenye kosa. Kumpa kila mtu ufunguo wake mwenyewe wa sanduku lile lile, jambo ambalo mifumo mingi yaruhusu, hufikiriwa kuwa ni kuwashuku watumishi. Sisi twaona ni kumlinda yule aliye mnyofu.

Na mwenye jina je? Mkuu wa ofisi anayesema, "Andikeni tu kwa jina langu, mimi sina muda"? Habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, yatufaa sana hapa. Yezebeli aliandika nyaraka kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa Ahabu, akazituma kwa wazee wa mji. Wazee waliuona muhuri, wakatii, na Nabothi akapigwa mawe. Ahabu hakuandika hata herufi moja. Alikuwa kitandani amenuna, amegeuza uso wake ukutani. Lakini Eliya alipotumwa, alitumwa kwanza kwa Ahabu, akamshtaki yeye kwa kuua na kumiliki. Yezebeli naye alipata hukumu yake, lakini jina lilikuwa la Ahabu, na pete ilikuwa ya Ahabu, na ni yeye aliyeiacha mahali pa kuokotwa. Twadhani mambo mengi mabaya ya ofisini huanza hivyo, kwa mwenye jina aliyegeuza uso wake ukutani.

Liko pia jambo la mtu mmoja kujiandikia kwa majina mawili. Kwa mfano, katibu wa kikundi cha wavuvi wa kamba ni yule yule karani anayesaidia katika ofisi inayopokea maombi ya mikopo. Jioni, kwa jina la kikundi, anaandika ombi. Asubuhi, kwa jina la ofisi, anajibu kwamba ombi limepokelewa, limeonekana kuwa zuri, na limewekwa mbele ya mengine. Ukizisoma barua hizo mbili waona watu wawili wanaoheshimiana sana. Kumbe ni mtu mmoja amekaa kwenye kiti kimoja, na kikundi cha Kiongoroni kilichoandika wiki tatu mapema kingali kinangoja. Hakuna neno la uongo katika barua yo yote kati ya hizo, na kikundi chenyewe huenda kinastahili mkopo. Lakini barua mbili zafanya ionekane kwamba macho mawili yameliangalia jambo, ilhali ni jicho moja. Hapa hatuoni nafasi ya kusamehe kwa ajili ya uchache wa watumishi. Ofisi ndogo ina watu wachache, ndiyo. Basi mtu huyo atamke wazi, "Mimi ni katibu wa kikundi hiki, tafadhali mwingine alisome ombi letu," na kama hakuna mwingine ofisini, lipelekwe kwa aliye juu, hata ikichukua mwezi.

Jambo dogo kuliko hilo, lakini la kila siku, ni kutumia anwani nzito kwa haja nyepesi. Mtu ana ugomvi wa mpaka na jirani, anamwandikia kutoka anwani ya ofisi. Hakusema kwamba ofisi inamdai. Ameacha anwani iseme. Tukiambiwa, twajibu, "Nilisahau kubadilisha." Kila mmoja ajipime mwenyewe kama husahau pia upande wa pili, yaani kama hupata kuandika jambo la ofisi kwa anwani yake ya nyumbani kwa kusahau.

Serikali imeliona tatizo hili kwa upande wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta, na watumishi wa umma wana mfumo wao wa barua pepe za serikali, ili barua za wananchi zisitoke katika anwani za binafsi. Mwaka 2019 na 2020 sote tulipanga foleni kuweka alama za vidole ili kila laini ya simu iwe na mwenyewe. Hata hivyo bado tunapokea ule ujumbe wa matapeli unaosema ile pesa itumwe kwa namba hii. Ujumbe ule hautaji jina lo lote. Mpokeaji mwenyewe ndiye anayeutia jina: anafikiri ni mwanawe, au fundi wake, au mwenye nyumba. Sheria inaweza kumkamata anayejiita jina lisilo lake; ni vigumu zaidi kumkamata anayekuachia wewe ulitaje.

Tusiwasahau wale wasioandika wenyewe. Katika vijiji vya delta wako wazee wengi ambao barua zao, na siku hizi ujumbe wao wa simu, huandikwa na wajukuu. Mafuriko yalipofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti mwezi wa Aprili 2024, habari za shida za watu zilipaswa kupita katika mikono ya watu wengine kabla ya kufika kwa wenye msaada. Mwenye kuandika kwa ajili ya mwingine ana uwezo mkubwa kuliko ajuavyo. Anaweza kufupisha. Anaweza kulainisha neno kali la bibi kwa kuwa yeye mwenyewe amwogopa mtendaji. Anaweza kuongeza ekari moja kwa wema wake.

Twaikumbuka hapa barua moja ya mwaka 1873. Dr. Livingstone alikuwa amefariki kwa Chitambo, na watu wa msafara wake walikuwa wakiuchukua mwili wake kuuleta pwani, safari iliyoishia Bagamoyo mwaka uliofuata. Waliposikia kwamba kuna Waingereza Unyanyembe, waliamua kupeleka barua, na Chuma akatangulia nayo. Aliyeiandika kwa Kiingereza ni Jacob Wainwright, kijana Myao aliyekuwa ameokolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi. Jina lililo chini ni lake, likifuatwa na jina la msafara. Lakini ndani ya barua asemaye ni "sisi": sisi tumeuchukua mwili, sisi tuna njaa, tunaomba nguo za kununulia chakula. Njaa ile haikuwa ya Jacob peke yake, na wengi wa wale wenye njaa wasingeweza kujua kama ameiandika vema au ameisahau. Waliona tu karatasi ikikunjwa.

Kwa sababu hiyo twaona ni haki ya mzee kusomewa kwa sauti kile kilichoandikwa kwa jina lake, kwa lugha anayoielewa, kabla kidole hakijagusa neno "Tuma". Na mjukuu aongeze mstari mmoja chini kwamba ameandika yeye, fulani, kwa kuambiwa na bibi. Mstari huo haupunguzi uzito wa barua ya bibi. Afisa mwenye busara akiuona atajua pia amuulize nani ikiwa hesabu ya ekari haikukaa sawa.

Limebaki swali moja tuliloulizwa na msomaji wetu wa Bungu, nalo ni la kweli katika kila parishi na kila shule: mtu akihamishwa, barua zake zinazoendelea kuingia katika sanduku la ofisi ni za nani? Watu waliozoea kumwandikia padre fulani kwa anwani ya parishi hawajui kwamba amekwenda Mafia au Morogoro. Wanaandika kama kawaida, na baadhi yao wanaandika mambo ambayo wangemwambia yeye tu. Mrithi wake hana budi kuzifungua, kwa maana huenda ndani yake mna habari ya mgonjwa au ya maziko. Wengine husema ajibu kwa jina la parishi tu na yaishe, kwani aliyeandikiwa ni parishi. Sisi hatukubali, kwa kuwa aliyeandika alikuwa na uso wa mtu mbele yake alipoandika. Twadhani mrithi, akisoma mistari miwili ya kwanza na kutambua ni jambo la siri, asimame hapo, kisha aandike kwa jina lake mwenyewe maneno kama haya: "Uliyemwandikia amehama mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyeshika nafasi yake, na barua yako imefunguliwa nami kwa kuwa anwani hii ni ya ofisi. Nimesoma mpaka mahali ulipotaja jina la mwanao, sikuendelea. Je, niendelee, au nimpelekee yeye?"